Je, Wajua? Ndugu Wawili na Kanisa la Malishoni

Je, wajua kwamba moja kati ya makanisa mashuhuri kabisa ya Ujerumani limesimama katikati ya malisho ya ng'ombe? Linaitwa Wies, liko kusini mwa Bavaria chini ya milima ya Alps, na majirani zake ni nyumba chache za wafugaji. Hata hivyo, watu wapatao milioni 1 hulizuru kila mwaka!

Milioni nzima, kitongojini! Haya, sogea karibu, maana kisa chake kina mambo.

Je, wajua kwamba chanzo cha kanisa hilo ni sanamu iliyoungwaungwa? Mwaka 1730 watawa wa abasia ya Steingaden, jirani ya hapo, walihitaji sanamu ya kubeba katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Padre Magnus Straub na Bruda Lukas Schweiger wakakusanya vipande vya sanamu kuukuu za mbao, wakaviunga, wakaziba viungo kwa kitambaa cha kitani, kisha wakapaka rangi. Akapatikana Yesu mwenye minyororo, mwili wote umechanika kwa mijeledi.

Unadhani watu waliipokeaje? Walishindwa kuitazama! Ilibebwa mwaka 1732, ikabebwa 1733, ikabebwa 1734, kisha ikaondolewa kwa sababu ilitia huzuni kupita kiasi. Sanamu ambayo leo watu huvuka bahari kuja kuiona ilitupwa darini pamoja na vitu visivyo na kazi.

Je, wajua ni nani aliyeitoa huko? Si askofu, si abate. Ni Maria Lory, mama wa shambani pale Wies, aliyeichukua akaipeleka nyumbani kwake tarehe 4 Mei 1738. Akawa anasali mbele yake, basi.

Sasa hesabu nami. Siku 41 baadaye, tarehe 14 Juni 1738, mama huyo alisema ameona matone usoni mwa sanamu, machozi! Habari ikavuka vilima, na watu wakaanza kumiminika kwenye nyumba ya mkulima.

Je, wajua kwamba kikanisa cha kwanza kilichojengwa kuihifadhi sanamu bado kipo? Kilimalizika mwaka 1740, na ni kidogo kweli. Ukifika Wies leo utakipita kabla hujafika kwenye kanisa kubwa, na wageni wengi hukipita bila kukitupia jicho. Wewe usikipite.

Na mahujaji walitoka wapi? Shangaa! Kufikia mwaka 1779 iliandikwa kwamba walikuwa wakifika kutoka Urusi, Sweden, Uholanzi, Denmark, Norway, Ufaransa na Hispania. Treni ilikuwa haijavumbuliwa. Mtu wa Cádiz, huko Hispania, aliyeitaka Wies alivuka Ulaya kwa miguu, kwa farasi au kwa gari la farasi, akavuka na mito yake yote.

Miaka mingi kabla ya hapo, umati ulipozidi, watawa walikuwa wameshaona hakuna njia ila kujenga kanisa kubwa. Je, wajua walimwita fundi wa umri gani? Dominikus Zimmermann alizaliwa mwaka 1685, na kazi ya Wies ilipoanza mwaka 1745 alikuwa na miaka 60! Wengi wa umri huo katika karne ile walikuwa wamekwisha kuweka zana chini. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaianza kazi kuu ya maisha yake.

Na mchoraji wa dari je? Kaka yake wa damu, Johann Baptist Zimmermann, aliyezaliwa mwaka 1680. Alipokuwa akipaka mbingu ya Wies alikuwa amevuka miaka 70, amepanda kwenye kiunzi, shingo kaikunja nyuma, brashi juu ya kichwa. Jaribu kutazama dari kwa dakika tano tu uone shingo itakavyokulalamikia.

Ukumbuke pia kwamba huyu kaka hakuwa mtu wa kukosa kazi. Alikuwa fundi wa watawala wa Bavaria huko Munich, na mkono wake umo katika majumba yao ya Nymphenburg. Mkono uliopamba kumbi za watawala ndio uliopamba kanisa la wafugaji, na mimi nasema wafugaji ndio waliopata kilicho bora.

Je, wajua kwamba ndugu hawa walitoka katika eneo moja dogo lililokuwa kama kiwanda cha mafundi? Ni Wessobrunn, hukohuko Bavaria. Katika karne ya 17 na ya 18 eneo hilo lilitoa mafundi wa mapambo ya lipu zaidi ya 600! Walizunguka Ulaya wakipamba makanisa na majumba, baba akimfundisha mwana, mjomba akimfundisha mpwa.

Hebu tuingie ndani ya ufundi wao, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Lipu ya mapambo ilichanganywa kwa chokaa, jasi, mchanga na maji, na fundi akaifinyanga palepale ukutani kabla haijakauka. Maua, majani, mbawa za malaika, mikunjo ya mapazia, vyote vilitoka vidoleni na kwenye vijiko vidogo vya chuma. Ikishaganda, imeganda, huna la kurekebisha ila kubomoa.

Je, wajua kwamba baadhi ya nguzo za Wies zinazoonekana kuwa za marumaru si marumaru hata kidogo? Ni jasi iliyokandwa na gundi na rangi, ikapakwa juu ya nguzo, ikakauka, kisha ikasuguliwa na kusuguliwa hadi ikang'aa. Ukitaka kujua siri, gusa: marumaru halisi huwa baridi, hii huwa na uvuguvugu kidogo.

Usidhani walifanya hivyo kwa kubana matumizi. Ilihitaji kazi ndefu ya mikono, na ilimpa fundi rangi ambazo hakuna mgodi unaozitoa! Ile buluu ya nguzo za Wies, utaichimba mlima gani? Dominikus alianza maisha yake ya ufundi kwa kazi hiihii, na mkononi mwake jasi ilisema kila lugha.

Na dhahabu je? Dhahabu ya kupambia hufuliwa kwa nyundo hadi inakuwa nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Gramu 1 tu inaweza kufunika karibu nusu mita ya mraba! Ndiyo maana fundi wa kuibandika hufunga milango na madirisha kwanza.

Sasa dari. Je, wajua kwamba mchoro wa aina hii hupakwa juu ya lipu ikiwa bado mbichi? Chokaa inapokauka hushika rangi na kugeuka jiwe pamoja nayo, hata rangi haikai juu ya ukuta tena, inakuwa ndiyo ukuta. Fundi hupakiwa kipande kinachomtosha siku hiyo tu, na akikosea kipande hicho hubanduliwa kwa patasi, kazi ikaanza upya.

Kwa hiyo msimu wa baridi ni likizo ya lazima. Chini ya Alps maji huganda, na lipu mbichi ikiganda huharibika. Mbingu ya Wies ilipakwa na watu waliolivizia joto.

Je, wajua kwamba kuba la Wies linaloonekana zito kama mlima ni jepesi? Si la mawe! Ni mbao na fito zilizopigwa lipu, zikaning'inizwa kwenye viunzi vya paa. Ndiyo maana nguzo zake zinaweza kuwa nyembamba, zimesimama mbilimbili, na mwanga ukapita kati yake kwa raha zake.

Kuhusu huo mwanga, sikiliza. Ukumbi wa kanisa ni duara lililorefushwa, umbo la yai, na kuzunguka nguzo kuna njia ya mahujaji. Madirisha mengi yako nyuma ya nguzo, kwenye ukuta wa nje, na yamekatwa kwa maumbo ambayo usingeyategemea. Ukisimama katikati unaona nuru imejaa kila mahali, lakini huoni kirahisi inakotoka!

Inua macho sasa. Juu kabisa Yesu ameketi juu ya upinde wa mvua. Upande mmoja wa dari kuna kiti cha hukumu, kikubwa, cha fahari, na kiko kitupu! Hakimu bado hajakikalia, na mchoraji anakupa habari njema hiyo kwa rangi: muda wa huruma haujaisha.

Geuka utazame upande wa pili, juu ya mlango ulioingilia. Kuna lango kubwa limechorwa pale, na limefungwa. Ni lango la umilele. Unapotoka kanisani linakuwa mbele yako, kwa hiyo hakuna aliyetoka Wies bila kupita chini yake. Mimi katika dari nzima hapa ndipo ninapopapenda zaidi, maana mzee wa miaka sabini na kitu alipochora lango lile hakuwa akichora kitu cha mbali. Alifariki mwaka 1758, miaka 4 tu baada ya kanisa kutabarukiwa.

Je, wajua kwamba hata rangi za mahali patakatifu zina kazi? Nguzo za altare kuu ni nyekundu, na watu wa Wies husema ni damu iliyomwagika kwa mijeledi. Nguzo za pembeni yake ni za buluu, nao husema ni neema ishukayo kutoka mbinguni. Mkulima asiyejua kusoma aliingia akasoma mahubiri mazima kwa macho.

Na juu ya nguzo hizo, darini, malaika wamebeba vyombo vya mateso wanampelekea Mungu Baba. Ni malaika wenye mashavu ya mviringo na mbawa laini, lakini kitazame walichoshika.

Itazame na altare yenyewe kuanzia chini kwenda juu. Chini kuna ile sanamu ya darini, Mwokozi mwenye minyororo. Juu yake kuna mchoro mkubwa wa Balthasar August Albrecht, mchoraji wa watawala huko Munich, na humo Yesu ni mtoto. Juu zaidi kuna Mwanakondoo juu ya kitabu chenye mihuri 7. Umri wote wa imani katika mstari mmoja!

Je, wajua kwamba mmoja kati ya wazee wanne waliosimama kati ya nguzo za Wies ni Mwafrika? Mchongaji Anton Sturm wa mji wa Füssen alichonga walimu wanne wakuu wa Kanisa la Magharibi: Yeronimo, Ambrosi, Gregori na Augustino. Huyu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, nchini Algeria ya leo, akafariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, hukohuko Algeria. Mtu wetu yuko Bavaria tangu karne ya 18!

Na sanamu hizo unazoweza kuapa kuwa ni mawe meupe? Mbao, msomaji wangu. Mbao zilizopakwa rangi nyeupe.

Ukiwa hapo, mwulizie Yeronimo kuhusu kofia yake. Wasanii wa Ulaya mara nyingi humvika kofia nyekundu ya kardinali, ilhali alifariki mwaka 420, na makardinali walipewa kofia nyekundu mwaka 1245. Zaidi ya miaka 800 imerukwa kwa mpigo mmoja wa patasi!

Je, wajua kwamba mtindo wa mapambo ya Wies, rokoko, umejaa maumbo ya makombe ya baharini? Yako kwenye fremu, kwenye mimbari, kwenye kingo za dari. Na bahari iko ng'ambo ya milima ya Alps! Wengi wa wafugaji wale walikufa bila kuona wimbi hata moja, lakini kila Jumapili walikaa chini ya makombe.

Sasa shika kiti, tunazungumza fedha. Makadirio ya kujenga Wies yalikuwa gulden 39,000. Kanisa lilipokamilika, hesabu ilifika gulden 180,000! Zaidi ya mara 4! Abate Hyazinth Gassner aliyeianzisha kazi alifariki mwaka 1745, na mzigo wa bili ukamwangukia mrithi wake, Abate Marianus Mayer. Deni likaiandama abasia kwa miaka mingi.

Unadhani Dominikus alikuwa hajawahi kuzidisha bajeti? Turudi nyuma miaka kadhaa, tuhamie kijiji cha Steinhausen, katika eneo la Swabia ya Juu.

Huko, mwaka 1728, watawa wa abasia ya Schussenried walimpa kazi ya kujenga kanisa la kijiji na la hija. Makadirio: gulden 9,000. Gharama halisi: gulden 49,000! Abate Didacus Ströbele aliyeagiza kazi hiyo alilazimishwa kuachia madaraka mwaka 1733, mwaka uleule kanisa lilipotabarukiwa. Alipoteza kiti chake, kijiji kikapata kanisa ambalo hadi leo huitwa kanisa la kijiji zuri kuliko yote duniani.

Je, wajua kwamba ndani ya kanisa hilo kuna wanyama? Simama karibu na madirisha utazame mapambo ya lipu kwa subira. Kuna kindi, kuna kigogota, kuna hudihudi mwenye kishungi, kuna wadudu. Dominikus aliwachukua viumbe wa msituni na kondeni akawapandisha juu ya madirisha, nao hawajashuka tangu hapo. Watoto huwaona kabla ya wazazi wao.

Nguzo 10 zimezunguka ukumbi, nao ni umbo la yai vilevile. Wies ilijaribiwa hapa kwanza!

Na dari ya Steinhausen? Ni kazi ya Johann Baptist tena, ya mwaka 1731. Bikira Maria yuko mbinguni, na pembezoni mwa dari wamekusanyika watu wa mabara manne: Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Naam, Afrika imo! Wanakijiji wa Swabia wamekuwa wakisali chini ya Waafrika kwa karibu miaka 300.

Kwa nini mabara manne tu? Kwa sababu wasanii wa Ulaya wa wakati huo waliyahesabu manne. James Cook alifika pwani ya mashariki ya Australia mwaka 1770, miaka 39 baada ya brashi kuwekwa chini.

Je, wajua kwamba watawa wa Steingaden na wale wa Schussenried walikuwa wa shirika moja? Wote walikuwa wana wa Mtakatifu Norbert, Wapremonstratensi. Na ndugu zao wa shirika hilohilo, kutoka abasia ya Tongerlo nchini Ubelgiji, walifika Uele, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1898. Kanzu nyeupe zilezile, kutoka theluji hadi msitu wa ikweta!

Ukidhani uhusiano na kwetu umeishia hapo, subiri. Dominikus hakuwa fundi tu. Wakati Wies ikiendelea kujengwa alikuwa pia meya wa mji wa Landsberg, na mapambo ya uso wa jumba la halmashauri ya mji huo ni kazi yake ya ujanani. Meya anayepanda kiunzi mwenyewe!

Baada ya Wies, akiwa na miaka zaidi ya 70, aliitwa kulifanyia upya kanisa la Mtakatifu Ulrich katika kijiji cha Eresing, karibu na Landsberg. Sasa nisikilize vizuri: katika eneo la kijiji hichohicho cha Eresing ndipo ilipo abasia ya St. Ottilien. Ni ile iliyowatuma Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906!

Umewahi kushika kitabu chenye jina la Ndanda na Peramiho pamoja? Basi umeshika tawi la mti uliopandwa jirani na kanisa la mzee Dominikus. Mimi nilipolijua hilo nilisimama kitini.

Je, wajua kwamba Oberammergau, kijiji maarufu kwa mchezo wa Mateso ya Bwana, kiko jirani na Wies? Tauni ilipowavamia mwaka 1633 wanakijiji waliweka nadhiri, na mwaka 1634 wakacheza kwa mara ya kwanza. Hadi leo, ukitaka kuigiza, lazima uwe umezaliwa pale au umeishi pale miaka 20! Na kanisa lao la parokia limejengwa na nani? Joseph Schmuzer, mtu wa Wessobrunn. Nilikuambia kuhusu wale 600.

Turudi Wies, maana kulikuwa na siku mbaya.

Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga abasia, Steingaden ikiwamo, na mali zake zikachukuliwa. Kanisa la Wies likawekwa kwenye orodha ya kuuzwa na kubomolewa. Je, wajua ni nani aliyeliokoa? Wakulima wa eneo lile! Walipinga, wakakataa katakata, na kanisa likabaki. Hawakuwa na abate wa kuwasemea tena, hawakuwa na fedha. Walikuwa na sauti zao na mahali walipopelekea maombi yao, na ikatosha. Kati ya yote niliyokurushia leo, hili ndilo ningependa ulishike, kwa sababu mafundi hodari walikuwa wengi Ulaya nzima, na bado makanisa mengi ya abasia yalivunjwa miaka ileile.

Mwaka 1983 UNESCO ililiingiza Wies katika Urithi wa Dunia. Lilikuwa la 4 tu kwa Ujerumani nzima! Yaliyolitangulia ni makanisa makuu ya Aachen na Speyer, na jumba la maaskofu-watawala la Würzburg. Kisha likaja la malishoni.

Kati ya mwaka 1985 na 1991 lilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa marki milioni 10.6. Mafundi walipanda tena viunzi, wakasafisha kipande kwa kipande kile ambacho Johann Baptist alikipaka siku kwa siku.

Na mzee Dominikus je, alikwenda wapi kazi ilipokwisha? Hapa nakupa la mwisho lakini usilidharau. Kanisa lilitabarukiwa tarehe 1 Septemba 1754, na fundi hakuondoka! Alijijengea nyumba ndogo palepale jirani na kanisa, akaishi akilitazama kila asubuhi hadi alipofariki mwaka 1766, akiwa na miaka 81. Jina lake na cheo chake cha ujenzi viliandikwa ndani, chini ya roshani ya kinanda.

Tunamjua Dominikus kwa sababu jina liliandikwa. Tunamjua Bruda Lukas aliyeunga sanamu, tunamjua mama Maria Lory aliyeitoa darini, kwa sababu mtu alichukua kalamu. Sasa nikuulize wewe: kigangoni kwenu, ni nani aliyechonga msalaba ule, nani alipaka rangi ile ya nyuma ya altare, nani alikata mawe ya ukuta? Jumapili hii fika mapema, kaa na wazee waliojua, na uandike majina yao.